Newala haiombi ndege, inaomba greda

Kuna kitu kimoja wakubwa wa nchi hii wanakipenda kuliko vyote: utepe. Utepe ukikatwa, ngoma ikalia, picha ikapigwa, mashangingi yanageuza yanarudi yalikotoka, na kilichozinduliwa kinaachwa peke yake na jua na mvua. Mwaka wa kwanza kinameta. Mwaka wa tano kina nyufa. Mwaka wa kumi na tano kimekufa, na mkandarasi mwingine anaitwa, mkopo mwingine unasainiwa, utepe mwingine unanunuliwa. Mlalahoi analipa mara ya pili kwa kitu kile kile.

Wiki hii tunazungumzia viwanja vya ndege. Tunajua yupo kijana atakayelisoma gazeti hili kijiweni, Kariakoo au Mbagala, aseme: "Mimi ndege naiona ikipita juu ya kichwa changu, viwanja vinanihusu nini?" Subiri, ndugu. Vinakuhusu wewe kuliko vinavyomhusu kigogo. Kigogo akiugua ana chopa. Mama yako akiugua Newala ana nini?

Tuanze na ramani. Masasi iko chini ya majabali yake, njia panda ya Kusini: huku Mtwara na Lindi, huku Tunduru na Songea, huku Mtambaswala na Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kutuunganisha na Msumbiji. Newala iko juu ya nyanda za Wamakonde, ukingoni kabisa, pale Shimo la Mungu ambapo ukisimama unaliona bonde la Ruvuma chini ya miguu yako. Miji yote miwili ina viwanja vya ndege. Masasi ina hata alama yake katika orodha ya dunia ya viwanja, herufi tatu: XMI. Nachingwea, kilomita 45 tu kutoka Masasi, ina yake: NCH. Lindi ni LDI, Mtwara ni MYW. Herufi zipo. Lakini mtu wa Masasi akitaka kupanda ndege ya ratiba anaambiwa aende Mtwara mjini, karibu kilomita 200, halafu ndipo aanze safari.

Hatusemi leo kwamba ndege kubwa itue Newala. Anayesema hivyo anataka kura zako. Tunasema jambo dogo, rahisi, ambalo kwa sababu ni dogo na rahisi halina mtetezi: viwanja tulivyonavyo vitunzwe. Vyote. Kila mwaka. Kwa fedha inayojulikana na kwa orodha ambayo kila mwananchi anaweza kuisoma.

Kwa nini kiwanja

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Kusini. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga. Ile barabara tuliyoisubiri tangu uhuru, iliyopata Daraja la Mkapa mtoni Rufiji mwaka 2003, iliyomaliziwa lami kipande kwa kipande kwa miaka mingi, ikakatwa na maji kama uzi. Malori yakasimama. Mabasi yakasimama. Aliyekuwa na haraka ya kwenda Masasi alibakiwa na njia ya kuzunguka Njombe, Songea na Tunduru, yaani kuizunguka nusu ya nchi.

Sasa jiulize. Siku kama ile mama amekwama uzazi Newala na damu haikatiki. Mtoto ameungua moto Masasi na daktari amesema huyu ni wa Muhimbili. Barabara haipo. Kinachobaki ni anga. Ndege za madaktari zimekuwa zikiruka Afrika Mashariki tangu mwaka 1957, AMREF ilipoanzishwa na akina Michael Wood. Ndege ipo na rubani yupo. Lakini rubani hatui juu ya maneno. Kabla ya kuondoka anauliza swali moja: kiwanja kina hali gani? Na jibu lake lazima liwe la leo. Jibu la mwaka juzi halimsaidii, wala "kilikuwa kizuri alipokuja waziri".

Hapo ndipo kiwanja kinapokuwa roho ya mtu. Chopa inaweza kutua hata uwanja wa mpira, hilo tunalijua, tumeliona kwenye kampeni tangu mwaka 2005, za chama tawala na za upinzani. Lakini chopa ni ghali na ni chache, na mgonjwa wa kawaida haitumiwi. Kwa watu wa kawaida ndege ni ile ndogo, Cessna Caravan na nyingine za ukoo wake, inayobeba watu kama 12, ikiwa imejaa haifiki hata tani nne na nusu, na inatua kwenye changarawe bila matatizo. Ilimradi changarawe hiyo imetunzwa.

Msidanganywe na lami

Kuna uongo wanaopenda kutupa: kwamba kiwanja bila lami si kiwanja, na kwa kuwa fedha ya lami haipo, basi Newala na Masasi zikae zisubiri. Huu ni uongo mchana kweupe. Nenda Seronera, katikati ya Serengeti. Watalii wanaolipa kwa dola wanatua pale kila siku, ndege moja nyuma ya nyingine, na pale hakuna lami. Kuna changarawe. Tofauti ya Seronera na viwanja vya mikoani haiko kwenye udongo. Iko kwenye mtunzaji. Pale mtalii asipotua hifadhi inapoteza mapato, kwa hiyo mtunzaji yupo kazini. Newala mgonjwa asipotua nani anapoteza? Anapoteza mumewe na watoto wake, na hao hawana nafasi kwenye vitabu vya Hazina.

Tueleze kazi yenyewe, maana wanapenda kuifanya ionekane ni elimu ya mbinguni. Njia ya kurukia ndege ya moramu inatengenezwa kama mgongo wa samaki, katikati juu, pembeni chini, ili maji yateremke kwenye mifereji. Mvua ya Kusini inaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na ikinyesha juu ya nyanda inanyesha kweli. Mfereji ukiziba, maji yanasimama. Yakisimama, moramu inalainika. Ikilainika, tairi inachimba mfuo. Mfuo unakusanya maji zaidi. Wakati huo ule udongo laini unaoshika kokoto unachukuliwa na maji, na kiangazi unapeperushwa na upepo wa panga la ndege. Zinabaki kokoto tupu, zimelegea. Kokoto iliyolegea ikirushwa na tairi inalipiga panga la ndege, na panga likipata pengo hiyo ndege hairuki tena mpaka fundi aje. Ongeza vichuguu vya mchwa. Ongeza majani marefu yanayoficha shimo. Ongeza njia za miguu na baiskeli zinazokatiza katikati kwa sababu hakuna uzio wala mtu wa kumwambia mwenzake apite pembeni.

Tiba ni nini? Greda lipite baada ya mvua kurudisha ule mgongo. Maji yanyunyizwe, shindilia ipite. Mifereji izibuliwe kabla ya mvua. Majani yakatwe. Vichuguu ving'olewe. Baada ya miaka kadhaa kifusi kipya kiongezwe. Basi. Hakuna mtaalamu wa kutoka ng'ambo, hakuna semina hotelini, hakuna posho ya vikao.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mwenye kalamu aifuate. Chukua njia ya ndege yenye urefu wa mita 1,500 na upana wa mita 30, moramu yake ina unene wa sentimita 15. Hapo kuna kifusi mita za ujazo 6,750. Kwa lori la mita 10 ni tripu 675. Sasa tuseme kwa kukosa matunzo kiwanja kinapoteza sentimita 2 kwa mwaka. Hizo ni mita za ujazo 900, tripu 90. Ukiacha miaka mitano umepoteza sentimita 10, yaani tripu 450, theluthi mbili ya kiwanja kizima. Hapo hutengenezi tena, unajenga upya. Lakini greda linalopita kila mwaka linaurudisha katikati ule udongo uliosogea pembeni kabla haujapotea. Mafuta ya greda ya siku chache dhidi ya tripu 450 za kifusi. Hesabu hii anaijua hata fundi mwashi wa Masasi ambaye hajamaliza darasa la saba. Wahenga waliisema zamani: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa viwanja vya lami mambo ni yale yale, ila hasara ni kubwa zaidi. Wahandisi wa viwanja duniani wanatumia hesabu moja inayojulikana sana. Lami hupoteza kama asilimia 40 ya ubora wake katika robo tatu ya kwanza ya maisha yake, pole pole, huoni kitu. Kisha asilimia 40 nyingine inaondoka ghafla, ndani ya asilimia 12 tu ya maisha yake. Ukiikarabati kabla ya kuporomoka unatumia dola moja. Ukingoja iporomoke unatumia dola nne au tano kwa kazi ile ile. Ugonjwa wetu ni kwamba kile kipindi cha "huoni kitu" ndicho waheshimiwa wanachokiita "hali ni nzuri", na bajeti ya ukarabati inahamishiwa kwingine.

Mkubwa akija, greda linakuja

Tatizo basi si ujuzi. Ni siasa. Kila mtu aliyekulia mikoani anaijua desturi yetu. Mkubwa akitarajiwa, greda linatokea usiku, majani yanafyekwa, mawe yanapakwa chokaa, mbuzi wanafukuzwa. Mkubwa akiondoka, greda nalo linaondoka. Kiwanja kinatunzwa kwa ajili ya mgeni wa saa mbili, wenyeji wa miaka yote hawahesabiki.

Halafu kuna mchezo mwingine, mkubwa zaidi: kiwanja kumfuata mtu. Mwaka 2017 ulianza ujenzi wa kiwanja cha Geita-Chato, wilayani alikotoka rais wa wakati ule. Njia ya kurukia ya lami, urefu kilomita 3. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Chato, nao ni Watanzania na kodi wanalipa. Tunauliza tu: ni orodha ipi ya mahitaji ya nchi nzima iliyokiweka kiwanja hicho mbele ya vingine? Orodha hiyo ilibandikwa wapi tuisome?

Wapo watakaosema Kusini nako tulikuwa na mtu wetu Ikulu. Ni kweli. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alitawala miaka kumi, 1995 hadi 2005, na mwaka 2020 amezikwa kwao Lupaso. Kiwanja cha Masasi hakikugeuka Chato. Wengine wanamsifu kwa hilo, wengine wanamlaumu. Sisi tunasema pande zote mbili zinakosea. Njia ya ndege isitegemee rais amezaliwa wapi, wala isitegemee rais ana aibu ya kupendelea kwao au hana. Itegemee vipimo na ratiba.

Tena katika utawala huo huo wa Mkapa ndiko liliko somo tunalolihitaji. Barabara zetu miaka ya themanini na tisini zilikuwa zimekufa, mnakumbuka mashimo. Kilichosaidia kilikuwa sheria ya fedha ya matunzo. Mwaka 1998 sheria ilirekebishwa, ukawekwa Mfuko wa Barabara wenye bodi yake, fedha yake inatoka kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na sheria ikatamka kwamba angalau asilimia 90 ya fedha hiyo iende kwenye matengenezo, si kwenye miradi mipya. Mwaka 2000 ikaja TANROADS. Una bodaboda? Basi wewe ni mchangiaji wa mfuko huo kila unapoingia kituo cha mafuta. Haukuwa mfuko wa malaika, umeibiwa na umecheleweshwa, lakini upo, una jina, una sheria, na mbunge anaweza kusimama akauliza: asilimia 90 iko wapi?

Viwanja vya ndege navyo vilipata chombo chao, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, Novemba 1999. Chombo kikapewa viwanja zaidi ya 50 Tanzania Bara. Lakini hakikupewa mfuko wa aina ile. Abiria analipa ada ya huduma ndani ya tiketi yake, na hakuna kifungu kama kile cha asilimia 90 kinachosema sehemu kadhaa ya ada hiyo lazima ikazibue mfereji wa Newala. Kisha yakaja mengine: kwa miaka kadhaa kazi ya kujenga viwanja ikapelekwa TANROADS, huku kuviendesha kukibaki TAA. Mmoja anajenga, mwingine anaendesha. Nyumba ikivuja, fundi anamwangalia mpangaji na mpangaji anamwangalia fundi. Mwenye nyumba, ambaye ni wewe, unalowa.

Mtandao si orodha ya majina

Tunasikia neno "mtandao wa viwanja" kwenye hotuba za bajeti. Mtandao maana yake nini? Maana yake unajua kila kiwanja kina hali gani leo, kitakuwa na hali gani miaka mitano ijayo ukikiacha, na shilingi inayofuata ikienda wapi itaokoa zaidi. Bila hayo huna mtandao, una orodha ya majina.

Njia ya kujua haina uchawi. Miaka ya sabini wahandisi wa jeshi la Marekani walitengeneza mtindo wa kukipa kiwanja alama kuanzia 0 hadi 100. Mtu anatembea juu ya lami kipande kwa kipande, anaandika nyufa, mashimo, viraka, mabonde, kila kasoro na uzito wake, kisha anatoa alama. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria: kiwanja kinachotaka fedha ya serikali kuu kwa ajili ya lami lazima kwanza kionyeshe kina mpango wa matunzo unaofanya kazi. Huna mpango, hupati hela. Miaka zaidi ya thelathini iliyopita! Na hao ni matajiri. Sisi maskini ndio tunaojenga bila mpango.

Dunia nayo haikusubiri. Tangu Novemba 2024 shirika la anga la kimataifa, ICAO, limehamia kwenye kipimo kipya cha nguvu ya njia za ndege, PCR badala ya PCN ya zamani, ili rubani na shirika lake wajue uzito gani lami inaweza kubeba. Kwa viwanja vya ndege ndogo zisizozidi kilo 5,700 inatosha kutangaza uzito na upepo wa tairi. Vyote hivyo vinataka kitu kimoja: mtu aende akapime. Haviandikwi mezani Dodoma.

Na hapa tunasema ukweli ambao hata wasomaji wetu wengine wa Kusini hawataupenda. Mtandao ukipangwa kwa haki, si kila kiwanja kitapata daraja moja. Masasi na Nachingwea zimetengana kilomita 45. Newala na Masasi kama kilomita 70. Huenda vipimo vikasema Masasi iwe kiwanja kikuu cha pembe hii, Newala na Nachingwea viwe vya dharura, vitunzwe viwe tayari saa zote. Huenda vikasema vinginevyo. Tutakubali, mradi vipimo viwekwe hadharani. Tunachokataa ni kimya. Kiwanja kufa kimya kimya, mwaka baada ya mwaka, halafu siku moja mtu anajenga banda katikati yake na hakuna anayeshangaa.

Kosa lingine la wapangaji wetu ni kukimbilia kilichooza zaidi. Wanamwaga fedha yote kwenye kiwanja kimoja kilichokufa, wakati vitano vilivyokuwa vizima vinaanza kuumwa. Mwakani vitano vile navyo vimelala kitandani. Mganga mwenye akili anawachanja wazima kwanza, kisha anampangia mahututi siku yake.

Kusini si mgeni katika hasara

Kusini tunajua miradi ya kuja na kuondoka. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikalazwa kutoka pwani kwenda Nachingwea. Walitaka kila kitu kikubwa na cha haraka, udongo na mvua hawakuvipima. Mwaka 1951 ulikuwa umekwisha, na pauni kama milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zimezama. Mwanzoni mwa miaka ya sitini reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Wazee wa Kusini wanaozungumza habari za treni vijana wanawaona kama wanatunga hadithi. Hivyo ndivyo kitu kinavyokufa pasipokuwa na wa kukitunza.

Uhuru ulipokuja Kusini ikawa mstari wa mbele. Nachingwea ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Tulitoa. Korosho za Newala, Tandahimba na Masasi zimeingiza fedha za kigeni miaka na miaka. Tulitoa. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ikaiondolea sekta ya korosho mgao wake wa asilimia 65 ya ushuru wa kuuza nje, zote zikaenda mfuko mkuu, na Novemba ya mwaka huo huo mkulima akaona malori ya jeshi yakija kubeba korosho zake. Gesi ya Mtwara imelazwa kwenye bomba la zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar es Salaam. Tulitoa. Leo tunapoomba greda lipite Newala mara moja kwa mwaka tunaambiwa bajeti ni finyu?

Tuwe waungwana, lililofanyika tulitaje. Mtwara mjini, jiwe la msingi la upanuzi wa kiwanja liliwekwa Aprili 2019: njia irefushwe kutoka mita 2,258 hadi 2,800. Ni jambo jema, tunalipongeza. Mikopo ya Benki ya Dunia ilisaidia kutia lami Bukoba, Kigoma na Tabora, nalo ni jema. Swali letu ni lile lile: matunzo ya mwaka wa kumi wa lami hiyo yameandikwa wapi? Anayekopa kununua basi bila kutenga hela ya tairi, huyo hakununua basi. Amenunua banda la kuku.

Tunachodai

Kwanza, rejista ya viwanja vyote vya umma, kila kimoja na alama yake ya mwaka, ibandikwe kwenye kila ofisi ya wilaya na kuchapishwa magazetini kabla ya Bunge la Bajeti. Mtu wa Newala asome: mwaka jana tulikuwa 55, mwaka huu 48, nani anajibu?

Pili, mfuko wa matunzo ya viwanja kwa sheria, kama ule wa barabara, unaopata sehemu maalumu ya ada ya abiria, na sheria iseme fedha hiyo isiguswe kwa miradi mipya. Dar es Salaam yenye abiria wengi iibebe Newala isiyo nao, maana ndiyo maana halisi ya taifa.

Tatu, kikosi kimoja cha Kusini: greda, shindilia, gari la maji na malori mawili. Kianze kazi Mei mvua ikikatika, kizunguke Mtwara, Newala, Masasi, Nachingwea, Lindi na Kilwa Masoko, kirudi tena Oktoba kuzibua mifereji. Kiwanja kimoja kimoja hakiwezi kununua greda. Sita vikiungana vinaweza.

Nne, kazi ya mikono wapewe vijana wa hapo hapo. Kufyeka, kuzibua mifereji, kuondoa mawe, kulinda mipaka, kupeleka taarifa ya hali ya kiwanja kila wiki. Mkataba wa mwaka mzima, na malipo kwa wakati. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu: kikundi kinunue mashine za kufyeka, kiingie kazini.

Tano, mipaka ipimwe, hati itolewe, na mwananchi ambaye kiwanja kimemkuta kwenye shamba lake alipwe fidia ya haki kwanza. Tusikie mambo ya bomoabomoa kwa kisingizio cha usalama wa anga.

Sita, kisijengwe kiwanja kipya hata kimoja, kwa rais yeyote, wa chama chochote, kabla hesabu yake ya matunzo ya miaka kumi haijawekwa mezani bungeni. Na chama chochote cha upinzani kikishika dola, hiki kiwe kipimo chake pia. Tutakuwepo na tutauliza.

Kwako, kijana

Wengi wenu mnaosoma hapa mmetoka huko. Jina lenyewe la Machinga limetoka Kusini, leo linaitwa kila mtaa wa nchi hii kwa mtu anayeuza soksi na miwani juani. Mliondoka kwa sababu kule hakukuwa na kazi. Mnatuma hela nyumbani kwa simu, mnajenga vyumba viwili vya bati, mnasomesha wadogo zenu. Siku simu itakapolia usiku ikisema bimkubwa yuko hoi na barabara imekatika, hapo ndipo utakapokumbuka kwamba kuna kiwanja Newala, na hapo ndipo utakapotaka kujua kama greda lilipita Mei.

Usingoje simu hiyo. Mbunge akija kijijini likizo ya korosho, msimuulize ataleta ndege lini. Akiulizwa hivyo anafurahi, maana ahadi ya ndege haina tarehe. Muulizeni maswali matatu tu. Kiwanja chetu kina alama ngapi mwaka huu? Greda lilipita tarehe ngapi? Fedha ya mwakani imeandikwa kwenye kifungu gani?

Akishindwa kujibu, mnajua la kufanya. Uchaguzi nao una mvua yake, na kiti ambacho hakikutunzwa kinavuja.